Chembe Nyeupe Kinywani mwa Kasuku

Mjini hapo wachache walijua jina alilopewa na wazazi wake. Wengine wote walimwita Kasuku. Jina hilo lilimganda tangu utotoni kwa sababu kila alichokisikia redioni alikirudia neno kwa neno, hata kikohozi cha mtangazaji. Alipokua, redio ndogo ya mji ikamwajiri, na hakuna aliyeshangaa. Hakupewa habari za mawaziri na mabunge. Yeye alisoma matangazo ya mchana: misiba, watoto waliopotea, mbuzi waliookotwa, mikutano iliyoahirishwa. Lakini watu walimpenda. Alisoma majina ya marehemu kana kwamba jana tu alikuwa amekaa nao kibarazani, na wafiwa walisema maiti ikitangazwa na Kasuku, huzuni inapata pa kukaa.

Mtu wa namna hiyo mtaji wake ni kinywa. Na ndani ya kinywa hicho ndimo hofu yake ilimokuwa ikiishi.

Mama yake mzazi alikuwa kibogoyo. Hakuwa kibogoyo wa uzee, la. Jino lake la mwisho lilitoka Kasuku akiwa bado anajifunza kuandika, na mama mwenyewe hana hata unywele mmoja wa mvi. Kabla ya hapo alikuwa mcheshi wa mtaa mzima, mwanamke aliyeweza kuwavunja watu mbavu hata wakiwa kwenye foleni ya maji. Kisha meno yakaanza kulegea, moja baada ya jingine, na kila lililolegea liling'olewa. Baada ya la mwisho mama akaanza kuzungumza huku ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Vichekesho vikaisha. Watoto wenzake Kasuku waliogopa mbwa, giza na mwalimu wa hesabu. Yeye aliogopa koleo.

Kwa hiyo alipoona damu kwenye mswaki kwa mara ya kwanza, baada ya kujifungua mwanawe wa pili, alijiambia mswaki ni mgumu. Akanunua laini. Damu ikaendelea. Ufizi ukavimba, ukapoa, ukavimba tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kasuku aliijua methali hiyo vizuri kuliko wengi, maana aliisoma mwenyewe redioni kila palipokuwa na tangazo la zahanati. Aliisoma kwa sauti tamu, kisha akaenda nyumbani kusukutua maji ya chumvi na kunyamaza.

Mchana mmoja alikuwa anatangaza kifo cha mwalimu mstaafu. Alikuwa amefika kwenye watoto na wajukuu. "Marehemu ameacha wajukuu thelathini," alisema, na ulimi ulipotoka kulitamka neno hilo, uligusa jino la mbele, la juu upande wa kushoto, na jino likasogea. Lilisogea kama mlango ambao mtu amesahau kuufunga. Sauti nyembamba ikapenya kwenye maiki, mfano wa filimbi.

Nyuma ya kioo fundi mitambo aliinua kichwa. Alikuwa kijana mpole aliyevaa vipokea sauti shingoni mchana kutwa kama mkufu. Wimbo ulipoanza akaingia.

"Dada Kasuku, umeisikia hiyo filimbi?"

"Filimbi gani?"

"Kwenye maiki. Nadhani waya umechoka."

Kasuku alifunga mdomo. "Basi uangalie huo waya," akasema.

Maskini fundi akabadilisha waya. Filimbi ikabaki. Akabadilisha maiki, akafunga kitambaa cha sifongo, akaisogeza meza mbali na feni. Mhariri akamgombeza kwamba ananunua vifaa vya bei ya kutupwa, naye kijana wa watu akainamisha kichwa. Kasuku aliyaona yote hayo na hakusema kitu. Aibu ilimkaba, ila hofu ilikuwa na mikono mikubwa zaidi.

Akaanza kuyakimbia maneno. Kila karatasi ya tangazo aliyopewa aliipitia kwanza kwa jicho la mtu anayetembea penye miiba. "Thelathini" akaifanya "wengi". "Mithili" akaifanya "kama". "Alhamisi, tarehe thenashara" hakuijaribu kabisa. Siku moja familia ya marehemu fulani ilipiga simu kwa hasira: "Baba yetu ameacha ng'ombe thelathini na wawili, ninyi mnasema ng'ombe kadhaa! Kadhaa ndiyo nini? Mnataka tuonekane maskini?" Studio nzima ilicheka. Kasuku naye alicheka, mkono ukiwa mdomoni. Alipouona mkono wake pale, umeziba mdomo vile vile mama yake alivyouziba, akaushusha mara moja.

Nyumbani mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa ameanza kuona mambo. Mkewe alikata matunda vipande vidogo kama vya mtoto. Alilala ameelekea ukutani. Akisogelewa, aligeuza uso. Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, watoto wakiwa nje, mume aliweka kikombe chini.

"Mke wangu, kama nimekukosea nambie. Kama kuna mwingine pia nambie, nijue moja."

Kasuku alimtazama, akaona mtu mzima amejiandaa kuvunjwa moyo. Hapo akaangua kilio. Hakuweza kusema. Alimvuta hadi dirishani penye mwanga, akafungua kinywa, akaligusa jino kwa kidole. Likacheza.

Mume aliinama akalitazama. Kisha akashusha pumzi ndefu, na Kasuku hakujua kama acheke au amzabe kofi, kwa jinsi uso wa mwanamume yule ulivyojaa nafuu. "Ni jino tu?" akauliza.

"Usiseme 'tu'," Kasuku alimjibu. "Usithubutu kusema 'tu'."

Wakaenda hospitali ya meno iliyokuwa chini ya chuo cha udaktari. Daktari wa fizi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, aliyezungumza taratibu kama mtu anayepita kwenye chumba chenye mtoto aliyelala. Alimlaza kitini, akachukua kifimbo chembamba cha chuma chenye alama, akawa anakichomeka kati ya ufizi na jino, jino baada ya jino, huku akimtajia msaidizi wake tarakimu. Kasuku alikuwa ameishika mikono ya kiti hadi vidole vikafa ganzi kabla ya ganzi yenyewe. Hakujua tarakimu zina maana gani, ila alijua sauti. Sauti ndiyo kazi yake. Alisikia jinsi sauti ya daktari ilivyoshuka kila tarakimu ilipopanda.

Kisha picha ya taya ikawekwa kwenye mwanga.

"Dada, meno yako hayajaoza," daktari alisema. "Ni mazima. Kinacholiwa ni mfupa unaoyashika. Umewahi kuona mti ukingoni mwa mto, maji yamekula udongo, mizizi iko hewani? Mti ni mzima, lakini umesimama juu ya nini?"

"Utaning'oa," Kasuku alisema. Hakuuliza.

"Tutasafisha kwanza, chini kabisa ya ufizi. Sehemu nyingi zitatulia. Ila sehemu mbili zimeliwa sana: hili la mbele, na gego la chini kulia. Hizo ningependa kujaribu kuzijengea."

Akamweleza. Kuna chembe zinazotengenezwa kwa madini yale yale yaliyomo mfupani. Ni ndogo kama sukari guru iliyosagwa vibaya, na kila moja ina vitundu kama sifongo. Ufizi hufunguliwa, uchafu hukwanguliwa, kisha shimo hujazwa chembe hizo ili mfupa wa mtu mwenyewe upate pa kushika unapoota. Na sasa chuoni walikuwa wanajaribu kuzilowesha chembe hizo dawa kabla ya kuziweka.

"Dawa ukimeza, inazunguka mwili mzima na huku inafika kidogo," daktari alisema. "Ukipaka juu, mate yanaiosha kabla hujafika nyumbani. Lakini ikijificha ndani ya vitundu, inatoka polepole, siku hata siku, pale pale panapotakiwa. Inazuia wadudu, na inauhimiza mfupa."

"Mnajaribu," Kasuku alisema. Alikuwa ameshikilia neno hilo moja. "Kwa hiyo mimi ni panya."

Daktari hakucheka. "Panya haulizwi. Wewe nakuuliza. Na nikwambie lote: ukikubali, sehemu moja itawekwa chembe zenye dawa na nyingine chembe tupu. Mimi mwenyewe sitajua ipi ni ipi mpaka utafiti uishe. Na ikishindikana, jino litatoka. Sikuahidi."

Kasuku alirudi nyumbani akiwa amebeba maneno mawili, "sikuahidi" na "tupu". Alikuwa na sehemu mbili na moja ingepewa kitu kitupu. Je, ikiwa ni hili la mbele?

Mama yake, aliyekuwa akiishi nao, alisikiliza habari yote huku akikunja nguo za wajukuu. Alipomaliza shati la mwisho, akavuta mtandio mdomoni.

"Mfupa wa nani huo?"

"Si wa mtu, Mama. Wala si wa mnyama. Unatengenezwa tanuruni."

"Kama vigae."

"Kama vigae, ndiyo."

"Mwanangu, jino la pembe si dawa ya pengo. Wazee hawakusema bure. Na dawa ya jino bovu ni kung'oa. Mimi waling'oa nikapona."

"Ulipona, Mama?" Kasuku aliuliza, na neno lilipokwisha kutoka alitamani kulimeza.

Mama akalisawazisha rundo la nguo. Kisha akasema, taratibu, kwa yale maneno yake mafupi: "Mara ya mwisho yalikuwa yamebaki manne. Mazima kidogo. Nilimwambia mganga wa meno ayatoe yote. Si kwa sababu yaliuma. Nilichoka kungoja lipi linafuata." Akachukua nguo zilizokunjwa, akaondoka nazo. Kasuku alibaki pale pale. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba mama yake alikuwa akiogopa. Alidhani hofu ile ni yake peke yake, kwamba aliianzisha mwenyewe.

Alikubali upasuaji. Si kwa ushujaa. Alipiga hesabu ya hofu mbili na akachagua ile yenye mlango wa kutokea. Kabla ya siku kufika alimwendea fundi mitambo, akamwambia, "Fundi, waya wako ni mzima. Filimbi ni mimi." Kijana alimtazama, akaangalia rundo la waya mpya mezani, akasema, "Dada, si ungeniambia kabla sijagombana na wauza duka wote wa mji huu?" Kisha akaenda mwenyewe kwa mhariri kumwombea ruhusa.

Siku ya upasuaji mama alisema anakwenda naye. Alipofika mlangoni pa chumba miguu ikamgoma. Akakaa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, macho kwenye sakafu. "Nenda," alisema. "Mimi nitakaa hapa. Nikisikia koleo nitaingia na benchi hili."

Hakukuwa na koleo, lakini kulikuwa na kila kitu kingine. Sindano ya ganzi iliyoingia na kuingia tena. Mdomo ukawa mzito, si wake. Kisha Kasuku akasikia, hakuhisi bali alisikia, chuma kikikwangua kwenye mzizi, sauti iliyopanda kupitia fuvu lake moja kwa moja kama mtu anayeparua sufuria iliyoungua jikoni kwa jirani. Alifumba macho. Akaanza kusoma matangazo kichwani: inasikitisha kutangaza kifo cha, inasikitisha kutangaza kifo cha. Kila mara jina lililofuata lilikuwa lake.

"Sasa naweka chembe," daktari alisema. "Vumilia, Kasuku." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo; kumbe naye alikuwa msikilizaji.

Alishonwa, akafunikiwa utando laini, akapewa masharti marefu: asiguse kwa ulimi, asipige mswaki pale, asitafune kitu kigumu, asisukutue kwa nguvu. Na asisome redioni mpaka nyuzi zitoke.

Asiguse kwa ulimi! Mwambie mtu asifikirie tembo. Ulimi wa Kasuku ulijilaza nyuma ya meno ya chini ukitetemeka kama mbwa aliyekatazwa kuingia ndani. Alikunywa supu iliyopoa, akala viazi vilivyopondwa, akaandika kwenye karatasi badala ya kusema. Watoto waliona ni mchezo, wakawa nao wanamwandikia.

Asubuhi moja aliinama kwenye beseni, akayaachia maji ya dawa yatoke mdomoni yenyewe bila kutema. Ndani ya beseni akaona chembe nyeupe. Akazitazama. Zilikuwa kama mchanga, zimekaa juu ya plastiki ya bluu, na nyingine ikamkwama mdomoni, akaihisi ikisaga kati ya meno.

Mfupa wake ulikuwa ndani ya beseni. Umemwagika. Alizikusanya kwa kidole, akazifunga kwenye kitambaa kana kwamba zinaweza kurudishwa, akatoka bila hata viatu vya kufanana. Mumewe alimkimbilia na pikipiki. Njia nzima hakufungua mdomo, akiogopa zilizobaki zisipeperuke. Alikuwa na hakika kabisa, hakika ya mtu aliyeona kwa macho yake: upande uliomwagika ni ule wenye dawa, na nyuma ya mdomo wake sasa kuna shimo tupu.

Daktari alifungua kitambaa, akatazama, akamlaza, akamulika kwa muda mrefu. Kasuku aliisikiliza pumzi yake.

"Hizi ni za juu juu," daktari alisema hatimaye. "Ukijaza gunia, punje za mdomoni lazima zianguke. Utando upo. Ufizi umeshikana. Nenda nyumbani."

"Una hakika?"

"Ya leo, ndiyo. Ya mwezi ujao, tutaona mwezi ujao."

Hivyo ndivyo alivyoishi, kwa hakika za leo. Nyuzi zikatolewa. Akarudi kazini, akisoma polepole kuliko zamani, akikwepa maneno yale yale. Jino lilicheza bado, kisha akawa hajui kama linacheza au ni hofu ndiyo inacheza. Kila asubuhi alitaka kuligusa, na kila asubuhi aliurudisha mkono. Alianza kuota kwamba anasoma tangazo, na kwa kila jina la marehemu jino moja linadondoka juu ya karatasi, naye anaendelea kusoma kwa sababu taa nyekundu inawaka.

Mama alimsikia akilia usingizini. Hakumwambia kitu, lakini tangu hapo kila asubuhi alimpokea kwa swali moja: "Yako mangapi?" Kasuku alijibu, "Yote, Mama." Mama alisema, "Basi kunywa chai," na siku ikaanza.

Baada ya miezi mingi wakapiga picha mpya. Daktari aliziweka mbili kando kwa kando, ya zamani na ya sasa. Kasuku hakuweza kutazama. Alitazama viatu vya daktari.

"Inua macho, dada. Hili hapa la mbele. Pale palipokuwa peusi, unaona wingu jeupe? Huo ni mfupa. Haujarudi wote, na hautarudi wote. Lakini jino lina pa kusimama."

"Na gego?"

"Gego limenishinda. Mizizi yake imegawanyika kama panda, uchafu unajificha katikati. Mfupa umejaa kidogo, hautoshi. Itabidi litoke."

Neno hilo, litoke. Kasuku alilingoja limuue, kama alivyolingoja tangu utoto. Likapita. Gego likang'olewa wiki iliyofuata, kwa koleo la kweli, na alitetemeka kiasi kwamba msaidizi alimshika mabega. Lilipotoka aliomba kuliona. Lilikuwa dogo, limejikunja, halina neno. Akashangaa kwamba kitu kile kiliwahi kumtawala.

Utafiti ulipokwisha daktari alimwita. Majibu yalikuwa yamefunguliwa. Muda wote huo Kasuku alikuwa akiishukuru dawa ile kwa ajili ya jino la mbele, na alikuwa amewasimulia watu wote pale redioni jinsi ilivyojificha kwenye vitundu.

"Mbele ulikuwa na chembe tupu," daktari alisema. "Dawa ilikuwa kwenye gego."

"Kwa hiyo dawa haifanyi kazi?"

"Mtu mmoja si utafiti. Kwa wengi, upande wenye dawa umejaa vizuri zaidi. Kwako, gego lilikuwa pagumu, na huenda bila dawa lingetoka mapema. Huenda. Sijui yote."

Aliporudi nyumbani akamsimulia mama yake, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe hata hao wasomi wanabahatisha?"

"Wanabahatisha kwa kipimo, Mama."

Mama alitikisa kichwa, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikatoka, kikubwa, cha mtu mnene kuliko yeye. Ungo ulikuwa umeishika mikono yake yote miwili, na fizi zake zilionekana wazi hadi nyuma kabisa. Kasuku hakumbuki kama aliwahi kuziona kabla ya siku hiyo. Naye akacheka, akakaa chini kando yake.

Hadi leo anasoma matangazo ya mchana. Kila baada ya muda hurudi kwa daktari kusafishwa na kupimwa, na kila mara huishika mikono ya kiti kwa nguvu zile zile, akizisikiliza tarakimu. Hofu haikumwisha. Mwanawe wa kwanza ameanza kuota meno ya ukubwani, na jioni wakipiga mswaki Kasuku humwambia afungue kinywa, akamulika taa ya simu, akatazama ufizi kwa muda mrefu kuliko mtoto anavyoweza kuvumilia.

"Mama, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu, tulia," humjibu. "Natazama tu."